Siku Kidole Changu Kilipozikwa Chole

Haya, mliokaa mbali sogeeni, mliokaa karibu tulizeni masikio, maana sauti yangu ni hii hii moja na hadithi hii siirudii. Aliyepakata mtoto ampakate vizuri asije akamwangusha kwa kucheka. Na wewe unayekula mapera hapo pembeni, kula tu mwanangu, sikukatazi, ila hamia upande ule ambao upepo hauleti kwangu. Harufu ya pera lililoiva ikinipiga puani, mkono wangu wa kulia unashuka wenyewe mpaka huku chini ya tumbo, unakwenda kushika kovu. Hauniulizi. Unajiendea tu, kama ng'ombe wa Magindu anayejua njia ya bwawani.

Kovu lenyewe siwaonyeshi, mie mtu mzima. Lakini ni refu. Wenzangu wanakatwa wanaachiwa kamstari, mie langu ukianza kulifuata asubuhi, adhuhuri inakukuta bado upo njiani. Na ninajivunia. Kuna watu wanajivunia nyumba, kuna wanaojivunia watoto waliosoma, mie najivunia kovu, kwa sababu kutoka Kibaha mpaka mwisho wa Kisarawe hamtampata mtu mwingine aliyekwenda kwenye msiba wake mwenyewe, akaliliwa mbele ya macho yake, halafu akapewa sahani ya pilau akala akamaliza. Mkimpata nileteeni, tukae tuulizane kama pilau yake ilikuwa na nyama.

Mie nimekulia Chole. Chole hii yetu ya Kisarawe, siyo ile ya kisiwani. Wenzetu wa kule wanavua, sisi tunachimba mihogo. Nilikuwa naishi na bibi yangu, mama yake mama, jina lake Mwamvita. Bibi Mwamvita alikuwa mfupi, akijitwika kuni ukamwona kwa nyuma unadhani kuni zinatembea zenyewe. Lakini sauti sasa. Akiita mtu kutoka shambani, kunguru wanaoiba karanga wanateremka kuomba radhi. Shule nilikwenda kidogo, nikaishia pale walipoanza hesabu za kugawanya, maana kwetu kitu cha kugawanya kilikuwa hakipo. Mengine yote nimefundishwa na bibi, na kubwa alilonifundisha ni kwamba Mwenyezi Mungu hafanyi kazi ya hasara. Kila alichokiumba amekipa shughuli yake. "Hata kupe," alikuwa akisema, "ana kazi. Kazi yake kukukumbusha kuoga."

Mama yangu alikuwa Kibaha, pale Picha ya Ndege, amepanga chumba kimoja, anakaanga vitumbua alfajiri kwa ajili ya watu wanaowahi kazini Dar. Msimu wa mapera ndipo nilikuwa napelekwa kumtembelea, na nyuma ya nyumba ya kupanga palikuwa na mpera. Mpera ule ulikuwa unazaa mpaka unaegemea ukuta kupumzika. Mie nikauvamia. Asubuhi pera, mchana pera, jioni mama akinipa ugali nasema nimeshiba. Wapangaji wakanionya, "We Sikudhani, mbegu za pera zinaingia kwenye kidole tumbo, zitakuotea humo." Nikajiangalia vidole vyangu kimoja kimoja, sikuona chenye jina hilo, nikaendelea kula.

Sasa siku hiyo tumbo likaanza. Lilianza kitovuni, polepole, kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu. Kufika mchana adabu imekwisha, limehamia huku kulia, linapiga mateke. Natapika, nimejikunja kama jongoo aliyeguswa. Wapangaji wakajaa mlangoni, na nyumba za kupanga mnazijua, kila chumba kina daktari wake. Mmoja akasema chango. Wa pili akasema ngiri. Wa tatu akasema mtoto amepigwa jicho na watu wa Chole, akaanza kutafuta chumvi. Nikanyweshwa maji ya mizizi, machungu kiasi kwamba nzi aliyetua kwenye kikombe alitapika kabla yangu.

Aliyeniokoa ni Mama Neema wa chumba cha mwisho, mke wa karani, mtu wa bara huko, Mkristo wa kwenda kanisani kabla jogoo hajaamka. Mpole. Hata kuku walioingia jikoni kwake alikuwa anawatoa kwa kuwabembeleza. Akanilaza chali, akanibonyeza hapa taratibu, halafu akaachia ghafla. Alipoachia nilipiga ukelele mabasi ya Morogoro yakapunguza mwendo barabarani. Mama Neema akasimama, upole wote umemtoka.

"Mama Sikudhani, ipua hivyo vitumbua. Hicho ni kidole tumbo. Kikimpasukia ndani, huyu mtoto tunamzika. Twende hospitali sasa hivi."

Hospitali ya pale Kibaha ilikuwa inanukia dawa ya vidonda mpaka nje kwenye majani. Tukapokewa na daktari kijana, mrefu, wa kuinama kila anapopita mlangoni. Akanipima, akamgeukia mama, akasema, "Mama, hiki kidole tunakikata leo leo."

Jamani. Mtoto wa Chole kasikia kidole kinakatwa. Nani wa kumwambia kwamba kidole tumbo ni kidude kama mnyoo kimening'inia kwenye utumbo, hakina kucha wala hakivai pete? Mie nilivyojua vidole ni hivi. Nikamshika daktari koti lake jeupe, nikamwomba kwa heshima zote nilizofundishwa: "Shikamoo dokta. Nikate cha kushoto. Cha kulia nakitaka kwa kulia." Akacheka mpaka akatafuta ukuta wa kuegemea. Mie sikucheka. Nikaficha mikono yote miwili makwapani, na ule usingizi wao wa dawa ulinikuta hivyo hivyo, nimevikumbatia vidole vyangu kama kuku na mayai.

Nilipozinduka kitu cha kwanza nikahesabu. Mkono huu, vimetimia. Huu, vimetimia. Nikasema aa, kumbe wamenipitia miguuni. Nikaomba nifunuliwe shuka, mama akadhani dawa imenipanda kichwani. Miguuni navyo vimetimia. Nikalala tena kwa raha zangu, najiona nimewashinda madaktari wa Kibaha wote: wamekata kidole, na vidole vyote ninavyo.

Bibi alipopata habari alitoka Chole na lori la mkaa, akaunga gari mpaka hospitali, ana jogoo kwapani wa kumpa daktari. Getini wakamzuia jogoo, bibi wakampitisha. Akakaa pembeni ya kitanda changu siku zote nilizolala pale, ananipepea kwa ncha ya kanga. Na ilikuwa hapo hapo kitandani nikawa nawasikia yeye na mama wakivutana kwa sauti za chini, wanadhani nimelala. Mama alitaka bibi aliache shamba la Chole ahamie naye Picha ya Ndege.

"Mama, kule unafanya nini siku hizi?" mama alisema. "Mihogo inaliwa na nguruwe, mikorosho imezeeka. Upo upo tu."

Bibi hakujibu. Na bibi yangu kuacha kujibu kilikuwa kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nizaliwe. Nikadhani na yeye wamempasua.

Kesho yake asubuhi daktari kijana akaja kunisafisha kidonda, mkononi ana kichupa. Ndani ya kichupa, kwenye maji ya dawa, kimo chenyewe. Kilikuwa kama kidole changu kidogo hiki cha mwisho, chekundu, kimevimba, kimepinda kidogo kama kinaita mtu. Hapo hospitali kilikuwa hivyo. Tulipofika Mlandizi wakati wa kurudi, kwa jinsi nilivyokuwa nawasimulia watu, kilikuwa kama ndizi bukoba. Daktari akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Sikudhani, huyu ndiye alikuwa anakusumbua."

Bibi akakitazama muda mrefu. "Mwanangu dokta," akauliza, "na kazi yake huyu ni nini?"

"Hana kazi, bibi. Kipo kipo tu."

Wodi nzima ikanyamaza, hata mgonjwa aliyekuwa anakohoa akaahirisha. Bibi akasimama. Alikuwa anamfika daktari hapa, kwenye mfuko wa koti.

"Kipo kipo tu," akarudia. "Mungu amekaa anamtengeneza mjukuu wangu, macho ameweka, figo ameweka, ini ameweka, halafu nyama ikambakia, akasema hii nayo nichomeke popote, iwepo iwepo tu. Ndivyo walivyokusomesha?"

Daktari, mtoto wa watu, mstaarabu, hakukasirika. "Bibi, kwa elimu tuliyo nayo sisi, kazi yake haijaonekana."

"Haijaonekana na haipo ni maneno mawili," bibi akasema. "Mimi kisogo changu sijawahi kukiona. Nipe hicho kichupa."

Alikitaka ili akizike. Kwetu kitovu cha mtoto kinazikwa nyumbani, ndiyo maana mtu akikuuliza kwenu wapi unamwonyesha kilipozikwa kitovu chako. Bibi akawaza, kama kitovu kinazikwa, na kidole je? Tena kidole. Kingekuwa na jina lingine, sijui kibofu, sijui kamba ya tumbo, pengine angekiacha. Lakini hiki wenyewe wamekiita kidole, na kidole cha mtu hakitupwi kama ganda la muhogo. Daktari akamtazama nesi, nesi akainua mabega. Tukapewa.

Sasa kosa lilitokea hapa. Bibi alitaka watu wa Chole wapate habari mapema, shimo lichimbwe, tufike tumalize. Simu hakuna. Akasimama barabarani, akalisimamisha lori la mkaa linalorudi kwetu, akamwambia utingo: "Wafikishie salamu. Waambie keshokutwa tunakuja na kidole cha Sikudhani, tunakuja kukizika."

Utingo yule alikuwa anasikia nusu, nusu nyingine anaambiwa na injini. Lori kufika Mzenga, habari ikawa Sikudhani amekatwa kidole. Kufika Maneromango, Sikudhani amekatika katika. Lilipoingia Chole, hata halijazimwa, habari imeshakamilika: Sikudhani hatunaye tena, kilichopatikana ni kidole, na bibi yake anakileta kukizika.

Sisi hatujui hili wala lile. Siku ya safari bibi na mama wamepanda nyuma, mie nimewekwa mbele kwa dereva kama bosi, mto tumboni, andazi mkononi. Tunakaribia nyumbani naona watu. Watu wale nikisema mia nitakuwa nimewapunja. Ilikuwa kama Kisarawe yote imekaa na Mzenga imesimama. Mikeka imetandikwa, masufuria yanafuka, wanawake wamejifunga kanga viunoni. Lori liliposimama tu, kilio. Bibi akateremka wa kwanza na kichupa chake amekifunga kwenye pindo la kanga, na wale wanawake walipokiona kile kifurushi kilivyo kidogo, wakaenda chini kama migomba siku ya upepo.

"Ndiyo hicho tu kilichobaki, Mwamvita?" shangazi yangu analia. "Ndiyo hicho tu?"

"Ndiyo hicho hicho," bibi akajibu, anashangaa mapenzi ya majirani.

Hapo nikateremka mie. Na andazi.

Sijawahi tena kunyamazisha watu wengi kiasi kile. Shangazi aliyekuwa anagaragara alisimama bila kujikung'uta mchanga. Binamu yangu mmoja alikimbia, akapatikana jioni juu ya paa. Mama mmoja jasiri akanisogelea, akanigusa shavu, akanishika mikono akahesabu vidole, halafu akawageukia wenzake.

"Vyote vipo."

"Sasa tunazika nini?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Bibi akaeleza yote, tangu mapera mpaka kichupa. Alipomaliza watu wakatazamana, wengine wameanza kukunja mikeka kwa hasira. Ndipo mpishi wa msiba, amesimama na mwiko wake, akasema neno lililoamua: "Pilau imeshaiva." Ikawa imepita. Pilau ya msiba hailiwi bila msiba, kwa hiyo lazima kitu kizikwe. Mwalimu wa madrasa akaulizwa, akasema kiungo kikitengana na mtu kinafukiwa kwa heshima, hakiswaliwi, basi. Kashimo kakachimbwa nyuma ya nyumba, palepale penye kitovu changu. Bakuli la uji lingeingia, sufuria lisingeingia.

Tungemaliza salama kama asingekuwepo Maganga. Maganga ni Mnyamwezi, na sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Ataficha sufuria, ataiga kilio cha mjane, atajilaza kaburini agome kutoka mpaka wafiwa wamridhishe, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Maganga alikuwa amekuja Chole kulinda ghala la korosho, akaoa hapahapa, na hakuna msiba uliopita asiuchafue.

Bibi amepiga magoti, ameshafungua pindo la kanga, anataka kukiteremsha kidole. Maganga akaja anayumba, analia kilio cha uongo, akatumbukiza mguu ndani ya shimo. Mguu ukajaa shimo zima. Akakunja mikono.

"Nimeingia kaburini," akatangaza. "Kujilaza sienei, lakini nimeingia."

Watu wakacheka. Mama akamtolea jogoo ili yaishe.

"Jogoo baadaye," Maganga akasema. "Mimi nimekaa Kibaha, nimeona wakubwa wa serikali wanavyozikwa. Kwanza inasomwa historia ya marehemu. Alizaliwa wapi, kasoma wapi, kafanya kazi gani. Huyu wenu kuzaliwa najua, alizaliwa siku moja na Sikudhani. Shule hakwenda, na Sikudhani mwenyewe tunamwona. Kimebaki kimoja tu. Marehemu alikuwa na kazi gani?"

Watu wanaangalia masufuria. Na mama yangu, kwa kutaka tu watu wakale, akasema, "Maganga nawe. Daktari kasema hakuwa na kazi. Alikuwepo alikuwepo tu."

Loo. Kicheko kilichotoka pale kiliwaamsha popo. Maganga akapiga makofi. "Wazaramo nyie, mmetutoa makwetu kuja kumzika mzembe. Mtu kafukuzwa kazi ambayo hata hana." Watoto wenzangu wakadaka hapo hapo, wakaanza kuimba, "Sikudhani mzembe, Sikudhani mzembe." Na jina likikukamata Chole siku ya msiba, unazeeka nalo. Tulikuwa na mzee anaitwa Kijiko tangu msiba wa babu yake. Hakuna aliyekumbuka kwa nini, na hata yeye alisahau, lakini kazikwa Kijiko.

Nikalia. Walipokuwa wananililia kifo mie nilikuwa natafuna andazi, sasa ndiyo nalia mwenyewe. Ile ilikuwa nyama yangu. Nilikuwa nimeumwa nayo, nimepasuliwa kwa ajili yake, nimesafiri nayo, na sasa itanipa jina la kudumu la uzembe. Jua linashuka, shimo limezibwa na mguu, na mtani hatolewi kwa nguvu. Anatolewa kwa kitu au kwa neno. Kitu ameshakikataa. Watu wote wakamgeukia bibi.

Bibi bado amepiga magoti. Hakuinuka. Akalifunga tena lile pindo la kanga, taratibu, kama mtu mwenye mwaka mzima mbele yake.

"Maganga," akasema kwa sauti ndogo, watu ikabidi wasogee. "Wewe hapa Chole kilikuleta nini?"

"Ulinzi. Nani hajui? Ghala la korosho."

"Korosho zenyewe unazilima wewe?"

"Silimi."

"Unazibangua?"

"Sibangui."

"Basi unazibeba, unazipakia garini."

"Mlinzi habebi, Mwamvita."

"Sasa mtu akipita pale ghalani mchana, anakukuta unafanya nini?"

Maganga akaanza kuuona mtego, lakini mguu umeshazama. "Ananikuta nimekaa."

"Upo upo tu," bibi akasema.

Watu wakaguna. Mama yangu akaangalia chini.

"Na ukiondoka?" bibi akauliza. Maganga akajikuna shingo. "Nakuuliza, mtani wangu. Korosho zitafika asubuhi?"

"Hazifiki," Maganga akasema.

"Basi marehemu alikuwa mlinzi. Mlinzi wa tumbo la mjukuu wangu. Kakaa kwenye kona yake miaka yote hiyo, hajasumbua mtu, hamna aliyempa hata kahawa. Leo kaumia kazini mnamwita mzembe, na anayeongoza kumcheka ni mlinzi mwenzie. Toa mguu kwenye kaburi la mwenzio."

Jamani, Chole haijapiga vigelegele vile tangu iumbwe. Mikorosho ilipukutisha majani. Mpishi alipiga sufuria kwa mwiko mpaka likapasuka. Na Maganga, Mungu amzidishie umri, ni mtani wa kweli: akipigwa anakubali. Akatoa mguu, akakung'uta udongo, akavua kofia, akasimama wima pembeni ya kale kashimo kama yupo lindoni mpaka bibi alipomaliza kufukia. Halafu akanibeba begani, kidonda na yote, akanipeleka kwenye pilau anatangaza, "Mpisheni mtoto wa mlinzi." Wale watoto waliokuwa wanaimba uzembe wakabadilisha wimbo kabla hatujafika kwenye mkeka. Mpaka leo nikipita njiani Chole, wazee ninaowaamkia hawaniiti Sikudhani. Wananiita Bi Mlinzi, na mie nageuka kwa maringo.

Utotoni nilidhani bibi anajua. Niliamini kabisa kwamba kidole tumbo ni mlinzi, nimewapa pole watu wengi waliokatwa. Nilipokuwa mkubwa nikaelewa hakujua lolote, alikuwa anakisia kama daktari, ila yeye alikisia kwa kutetea. Na nani hasa alikuwa anamtetea, hilo nimelielewa juzi juzi hapa. Mwanangu mkubwa, ana nyumba yake nzuri Kibaha, alinijia kwa mapenzi tu: "Mama, si uhamie kwangu? Huko Chole upo upo tu." Nikashindwa kumjibu. Mie huyu, mwenye mdomo wote huu. Ndipo akilini nikamwona bibi amepiga magoti mbele ya lile shimo, na mama yangu amesimama hatua mbili nyuma yake, anasikiliza kila neno. Mama hakugusa tena habari ya kuhama. Bibi alilima shamba lake mpaka mwisho, na mihogo aliyoacha ardhini tuliila sisi na wageni wote wa matanga.

Haya, mwaka jana mwanangu mdogo naye akashikwa na kidole tumbo. Nikampeleka Kibaha haraka, maana hilo nililijifunza kwa Mama Neema, tumbo la kuhamia kulia halisubiri mizizi. Safari hii daktari alikuwa binti, mdogo kuliko viatu vyangu. Alipomaliza kumpasua nikamuuliza, nimejiandaa kugombana: "Na kazi yake huyu ni nini?"

Yule binti akavuta kiti, akakaa. Akaniambia, "Mama, zamani walisema hakina kazi. Siku hizi wataalamu wengi wanaona kinayo." Akanieleza kwamba mle ndani wamejaa askari wa mwili, wanapambana na maradhi. Halafu kuna vijidudu vizuri vya tumboni, vinavyotusaidia, na vingine vinajibanza mle kama mbegu ya akiba. Mtu akiharisha sana vikasombwa vyote, vile vya akiba vinatoka kwenda kuanza upya. Kikiugua ni lazima kiondolewe, mtu ataishi vizuri tu, maana mwili una askari wengine. Lakini kikiwa kizima kinafanya kazi usiku na mchana.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamkumbatia yule binti mpaka kalamu zikamdondoka.

Sikungoja hata wiki. Mwanangu alipopata nafuu nikarudi Chole, nikaenda moja kwa moja kwa Maganga. Mzee sasa, sikio limebaki moja, nimemkuta amekaa kizingitini anamenya karanga. Nikainama kwenye lile sikio nikamweleza yote, askari, mbegu ya akiba, usiku na mchana, tena kwa sauti ya bibi ili yamfike. Nikamwambia, mtani, bibi yangu alisema kweli, yule alikuwa mlinzi wa haki. Maganga akaacha kumenya. Akaangalia mguu wake wa kulia kwa muda, akautingisha, akasema:

"Basi siku ile nilimzibia kaburi mlinzi pekee wa Kisarawe nzima ambaye alikuwa halali lindoni."